Pafu Lililoganda

Kurunzi, mashine ya kuona ndani ya mwili, ilichukua sekunde kumi na moja kumhukumu Betram Hyera, na sekunde hizo zote Betram mwenyewe alikuwa akihangaika kuvua buti lililojaa vumbi la makaa.

HEWA KIFUANI, UPANDE WA KULIA, kioo kiliandika kwa herufi nyekundu. TOBOA. MUDA WA KUTII: DAKIKA TATU.

Osmunda Ndunguru, tabibu wa Kituo cha Afya Kilimbwe kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, alibaki ameshikilia kichwa cha kipimo juu ya mbavu za mgonjwa. Jeli ya wanga wa muhogo, ambayo walijipikia wenyewe jikoni kwa sababu ya kiwandani ilikuwa haifiki, ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Saa ndogo kwenye kona ya kioo ilikwishaanza kurudi nyuma. Mbili hamsini na nane. Mbili hamsini na saba.

"Muuguzi Anatoli," aliita, "presha yake vipi?"

"Mia moja ishirini na nane kwa themanini, daktari," alijibu Anatoli Kapinga, mwanamume mnene, mpole, aliyekuwa amebakiza miezi saba astaafu. "Mapigo mia na sita. Hewa ya damu tisini na mbili."

Hizo hazikuwa namba za mtu anayekufa. Zilikuwa namba za mtu aliyeangukiwa na kipande cha dari la mgodi, akavunjika mbavu mbili, na sasa anapumua nusunusu kwa maumivu. Osmunda alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Hewa inayosukuma moyo pembeni huishusha presha, huivimbisha mishipa ya shingo, humfanya mtu awe wa bluu. Betram hakuwa wa bluu. Alikuwa mweusi kwa makaa, na alikuwa anatukana dari.

Tena Osmunda alikuwa anajua jambo jingine ambalo Kurunzi haikulijua. Miaka minne nyuma alimtibu Betram kifua kikuu, vidonge vya miezi sita, kwa mkono wake mwenyewe. Ugonjwa ulipona, ila ulimwachia kovu: pafu la kulia liliganda kwenye ukuta wa kifua, likashikana nao kama ukoko wa ugali unavyoshika sufuria. Wakati huo Kurunzi ilikuwa bado inaonyesha picha, na Osmunda aliliona kwa macho yake pafu lile limetulia pale pale, halichezi.

Siku hizi picha hazionekani. Mamlaka ya Uamuzi wa Tiba ilizifunga mwaka juzi, ikaandika kwenye waraka kwamba picha zilikuwa "zinawachanganya watendaji." Tabibu sasa hupaka jeli, huweka kichwa cha kipimo pale kinapoelekezwa na mshale, halafu husubiri kuambiwa. Kifaa chenyewe si kikubwa kuliko kipande cha sabuni ya mche. Kimeokoa watu wengi, hilo Osmunda hakulikana hata siku moja. Kimeona damu iliyojificha tumboni kwa akina mama waliokuja wakisema wana kizunguzungu tu. Ndiyo maana watu walikiamini, na anayeaminiwa na wote hana wa kumkosoa.

Mbili na sekunde kumi.

Alikunja vidole akagonga kifua cha Betram, kushoto kisha kulia, kama mtu anayechagua nanasi sokoni. Upande wenye hewa ungelia kama ngoma. Upande wa kulia ulitoa sauti nzito, butu, sauti ya nyama iliyoshikana na nyama.

"Kaka Betram, vuta pumzi pole pole."

"Navuta, dada. Inauma, lakini inaingia." Betram aliinua kichwa akajaribu kukisoma kioo. Walikulia kijiji kimoja hawa wawili. Mamake Osmunda ndiye aliyempokea Betram alipozaliwa. "Mashine imesema nini?"

"Imesema kuna hewa. Inataka nikutoboe kwa sindano niitoe."

"Na wewe unasemaje?"

Msomaji, mtu akikuuliza swali kama hilo, amekupa roho yake mkononi. Osmunda alilisikia vizuri. Halikupotea kwenye kelele, maana chumba kilikuwa kimya.

Alibonyeza pembeni mwa kioo palipoandikwa SABABU YA KUTOTII. Orodha ilifunguka. Vifaa havipo. Mgonjwa amekataa. Mgonjwa amefariki. Basi. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba tabibu ana shaka, wala pa kuandika kwamba tabibu anamjua mtu huyu. Na Osmunda akamkumbuka mwenzake wa Kituo cha Litumbi, aliyengoja dakika moja tu baada ya muda wa kutii kwisha. Mgonjwa wake alipona. Leseni yake haikupona. Sasa anauza mbegu za mahindi.

"Daktari," Anatoli alinong'ona, "imebaki moja na ishirini."

"Mashine inaona ndani, kaka," Osmunda alimwambia Betram. "Mimi naona ngozi."

Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo kabla haujamaliza kutoka mdomoni.

*

Kosa hilo halikuanzia Kilimbwe. Lilianzia mjini, kwenye ghala kuukuu la tumbaku, Osmunda akiwa na miaka ishirini na miwili na cheti kibichi mkononi.

Walikuwa vijana sitini mbele ya vioo sitini, wanaifundisha Kurunzi kuona. Wiki ya kwanza walifundishwa wao. Kifaa hutuma sauti isiyosikika mwilini, waliambiwa, halafu husikiliza inavyorudi. Maji na damu haviirudishi, kwa hiyo picha yake ni nyeusi. Mfupa huirudisha yote, kwa hiyo huwa mweupe na nyuma yake hutupa kivuli. Hewa ni tapeli: huitawanya sauti, na unachokiona nyuma yake si kitu, ni mwangwi tu. Kwenye kifua, kati ya vivuli vya mbavu mbili, kuna mstari mweupe. Mtu akivuta pumzi, mstari ule huteleza, pafu likisugua ukuta kama kanga mbili zilizolowa zinavyotelezana. Hewa ikiingia katikati, kuteleza hukoma.

Osmunda aliipenda kazi hiyo, na alikuwa hodari kuliko wote. Picha mia tisa kwa siku. Kijani, linateleza. Nyekundu, hewa.

Mwezi wa pili zilianza kuja picha za wachimbaji. Hapo ndipo alipoona mapafu yasiyoteleza, na hewa hakuna. Ukikaza macho uliyaona yakitikisika kidogo kwa kila pigo la moyo, na miali myembamba ikishuka kutoka kwenye mstari mweupe kwenda chini. Pafu lililotengana na ukuta haliwezi kuonyesha vitu hivyo. Yalikuwa yameganda tu. Vumbi, kifua kikuu, miaka. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hili nalipa rangi gani?"

Msimamizi, kijana mwenye haraka aliyekuwa na vituo vitatu vya kukagua siku hiyo, aliinama akatazama. "Linateleza?"

"Halitelezi. Lakini si hewa. Limeshikana."

"Dada, swali ni moja na majibu ni mawili. Halitelezi, bonyeza nyekundu. Nyekundu haijawahi kuua mtu."

Akabonyeza. Akabonyeza lililofuata. Miezi kumi na minne alibonyeza nyekundu kwenye kila pafu lililoganda lililopita mbele yake, na mwisho wa mkataba wakampa cheti cha mtendaji bora. Kwa hiyo Kurunzi ilipokitazama kifua cha Betram na kusema hewa, haikukosea hata kidogo. Ilikuwa mwanafunzi mtiifu. Ilirudia alichofundishwa na Osmunda Ndunguru.

*

Zilibaki sekunde thelathini na tano alipoichoma sindano.

Ilisikika fyuu, sauti nyembamba ya hewa ikitoka, na Anatoli akashusha pumzi ya shukrani. "Ilikuwepo kweli!"

Haikuwepo. Hewa ile ilikuwa inatoka ndani ya pafu lenyewe. Sindano haikukuta nafasi ya kupita, ilikuta pafu limeshikana na ukuta, ikalipasua, na kovu la kifua kikuu halikosi mishipa ya damu. Betram alikohoa mara moja. Akakohoa tena, safari hii kwa mdomo uliojaa, na damu ikamwagikia shuka, nyekundu, yenye povu.

Walifanya yote. Watakaomhukumu Osmunda wasije wakasema hakufanya. Walimlaza upande wa kulia ili la kushoto lipumue, wakaweka mpira kifuani, wakamfyonza damu kooni, wakaita ndege ya wagonjwa. Anatoli alikuwa anasali huku anafanya kazi. Betram alimshika Osmunda kifundo cha mkono kwa nguvu za mchimbaji, akamtazama, na hakuweza kusema chochote kwa sababu damu ilikuwa imeziba njia ya maneno. Baada ya dakika arobaini na mbili mkono ule ulilegea. Ndege ilitua saa sita kasorobo, ikakuta wanamfuta makaa usoni.

Kandida, mke wake, alikuwa amefika kutoka shamba la kahawa na vumbi miguuni, amekaa kwenye benchi la nje. Osmunda alipotoka na kumwambia, aliporomoka, wanawake wakamdaka. Na alipopata sauti, jambo la kwanza alilofanya ni kuishika mikono ya Osmunda yote miwili.

"Asante, wifi," alisema. "Anatoli ameniambia. Hukumwacha hata dakika. Asante. Mungu akulipe."

Watu wote waliokuwa pale barazani waliitikia amina.

Ndani, Kurunzi ilikuwa inawaka mezani. HEWA IMETHIBITISHWA WAKATI WA KUTOBOA. UAMUZI: SAHIHI. UTII WA MTENDAJI: ASILIMIA MIA. TUKIO HILI LITATUMIKA KUFUNDISHIA. Chini yake, kwa maandishi madogo: Pingamizi hupokelewa ndani ya siku mbili.

Osmunda aliifungua sehemu ya pingamizi akiwa amesimama, na glavu zenye damu hajazivua. Lilikuwepo swali moja. Je, mtendaji anakiri kwamba alikuwa na shaka kabla ya kutenda? Ndiyo. Hapana. Akijibu hapana, pingamizi halina msingi na linafutwa. Akijibu ndiyo, amekiri kwamba alimtoboa mtu akijua, na leseni husimama papo hapo.

Anatoli alisoma juu ya bega lake. Alisoma mara mbili, akaelewa, na uso wake mnene ukashuka.

"Ulikuwa na shaka, daktari?"

"Nilikuwa na hakika."

Anatoli akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Maji yamekwisha kumwagika," alisema. "Ukiondoka wewe, nani atabaki hapa? Mimi naondoka mwezi wa kumi. Wataleta mtoto wa chuo atakayetii hata kabla ya kuulizwa. Ukinyamaza, kesho yupo mtu wa kuwalinda wengine."

"Nitawalinda na nini, Anatoli? Jana ningeapa kwamba ningemlinda Betram."

Hata hivyo Osmunda alikifunga kioo bila kubonyeza. Tusimpambe: aliogopa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na nje ya kazi ile hakuwa na kitu cha kuitwa yeye.

*

Walimzika nyumbani kwake kesho yake mchana. Kosmas, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesoma wasifu, amevaa koti la harusi yake ya zamani, daftari mkononi. Sentensi ya mwisho aliiomba kwa Osmunda kwa simu asubuhi ile, kama ilivyo desturi, maana mambo ya kitabibu lazima yasemwe na mwenye kuyajua. Na Osmunda alimtajia.

"Marehemu aliumia kifua akiwa kazini," Kosmas alisoma. "Madaktari walijitahidi kwa uwezo wao wote, lakini Mungu alimpenda zaidi."

Amina, watu walisema.

Ni sentensi nzuri hiyo. Imezika watu wengi nchi hii, na imezika pamoja nao mambo mengi. Osmunda aliisikia ikipita juu ya kaburi na alitamani udongo umfunike yeye. Mungu alikuwa ametwishwa mzigo usio wake, wala hakulalamika.

Wakati wa chakula, wachimbaji walipita kumpa mkono, mmoja mmoja. Wa nne alikuwa Ditrick Nchimbi. Alipoinama kumsalimia alikohoa, kikohozi kikavu cha kifuani ambacho Osmunda angekitambua hata gizani.

"Tunakutegemea, daktari," alisema Ditrick. "Na kimashine chako hicho. Dari la mgodini halijatulia. Wiki hii au ijayo, litakuletea mwingine."

Ditrick alitibiwa kifua kikuu mwaka mmoja na Betram. Upande ule ule.

Osmunda akaweka sahani chini. Akaingia ndani ya nyumba, chumba walichokaa wanawake, akamwomba Kandida wazungumze. Wanawake wengine walijisogeza, hawakutoka. Msibani mjane haachwi peke yake. Basi akasema mbele yao.

"Wifi, hakukuwa na hewa. Pafu lake lilikuwa limeganda tangu ule ugonjwa, nami nilijua. Mashine ilisema nitoboe, nikatoboa. Sindano yangu ndiyo iliyompasua."

Kandida alikuwa anafunga upya mtandio. Mikono ikasimama kichwani.

"Mashine ilikosea," alisema, kama anayemsaidia.

"Mashine niliifundisha mimi, zamani, nikiwa msichana. Lakini siyo hilo. Betram aliniuliza, 'Na wewe unasemaje?' Aliniuliza kabisa. Nikamwambia mimi naona ngozi tu. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Mwanamke mmoja mzee alishika mdomo wake kwa mkono.

"Alikuuliza," Kandida alisema.

"Aliniuliza."

"Na mimi nikakushika mikono. Mbele ya watu." Sauti yake haikupanda. "Nikakuombea kwa Mungu. Nirudishie asante yangu, daktari."

Wifi ilikuwa imekwisha.

"Niliitoa hadharani," Kandida aliendelea, anainuka, wanawake wakimshika viwiko. "Hutanirudishia chumbani. Toka nje."

Akatoka. Kosmas aliambiwa anyamazishe watu, akawanyamazisha bila kujua sababu. Osmunda akasimama pale pale liliposomewa lile daftari, akasema yote, tangu ghala la tumbaku mpaka sekunde thelathini na tano. Alisema kwa maneno ya kawaida ili kila mtu aelewe. Mchimbaji mmoja akanyanyuka na jiwe mkononi, na Anatoli, muuguzi mnene asiyewahi kugombana na mtu, akaenda kusimama mbele yake. Kosmas alikuwa anamtazama Osmunda kana kwamba anamsahau sura.

Kisha, mbele yao, Osmunda akatoa Kurunzi mfukoni, akafungua pingamizi, akabonyeza Ndiyo.

Ilijibu papo hapo, kwa sauti yake ya upole. "Asante. Leseni yako imesimamishwa. Pingamizi litasikilizwa ndani ya siku mia moja na themanini. Kwa sasa uamuzi unaendelea kutumika."

Halafu ikajizima mkononi mwake.

"Siku mia moja na themanini," alisema Ditrick Nchimbi. Alikohoa. "Na dari likiniangukia kesho?"

"Watakutoboa."

"Nani atawakataza?"

Osmunda alifikiri. Kwenye ile orodha ya sababu, iliyokuwapo pale tangu mwanzo, palikuwa na mlango mmoja tu wa kweli. "Wewe mwenyewe," alisema. "Mgonjwa amekataa. Hiyo mashine inaikubali. Sema umekataa kutobolewa upande wa kulia. Ukizimia, awepo mwenzako mwenye karatasi yenye sahihi yako."

Na hapo akausikia ubaya wote wa jambo hili. Angeweza kumwambia Betram maneno hayo matatu. Sema umekataa, kaka. Yangechukua sekunde mbili, na kazi yake isingeguswa. Hakuyafikiria. Hofu ilikuwa imejaa chumba kizima, hata akili ikakosa pa kukaa.

Kandida alikuwa anamtazama, na Osmunda aliona kwamba naye amelielewa.

Wachimbaji walianza kusogea, si kwa urafiki. Mmoja alisema jina lake na mwaka aliotibiwa. Mwingine akasema lake. Kosmas, kwa kukosa la kufanya, akalifungua daftari ukurasa uliofuata wasifu, akalisukuma juu ya meza pamoja na kalamu bila kumtazama usoni. Osmunda akakaa na kuandika kutoka kichwani, maana mapafu ya Kilimbwe aliyajua yote: jina, upande, limeganda, anakataa kutobolewa. Kila mmoja akaweka sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Walifika kumi na saba.

Alipodhani wamekwisha, kivuli cha Kandida kikaangukia karatasi.

"Umemwacha mtu."

"Nani?"

"Betram Hyera."

"Kandida, Betram tumemzika..."

"Andika," alisema Kandida. "Andika upande. Andika kwamba alikataa. Ungemwambia, angekataa. Mimi nitamwekea sahihi."

Osmunda aliandika. Kandida aliinama, akaweka jina la mumewe polepole, herufi moja moja, halafu akachukua daftari alitunze yeye, akachukua na kalamu, akaingia ndani na kufunga mlango.